Tovuti Hii Imeandikwa na Nani?

Itazame ramani ya Afrika Mashariki. Mpaka wa Tanzania na Kenya unaanzia pwani, karibu na mto Umba, na kupanda kuelekea kaskazini-magharibi kana kwamba umechorwa kwa rula. Ukifika Kilimanjaro unapinda, unauzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, kisha unanyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Ulizia mtandaoni kwa nini umepinda, na kufumba na kufumbua utaletewa jibu tamu: Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Ujerumani, siku yake ya kuzaliwa, kwa kuwa bibi alikuwa na milima miwili yenye theluji na mjukuu hakuwa na hata mmoja.

Jibu hilo limejaa katika tovuti za kampuni za utalii, katika kurasa za maswali na majibu, na hata katika baadhi ya vitabu. Limo pia katika kazi za wanafunzi wanaofika kwenye dawati langu. Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na kijana mwenye kompyuta mpakato au simu, tukaipitia orodha yake ya marejeo mstari kwa mstari kabla haijafika kwa msimamizi wake.

Hadithi ya zawadi si kweli, na tarehe peke yake zinatosha kuiangusha. Mstari ule ulikubaliwa na wanadiplomasia wa Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1886. Wilhelm, mjukuu wa Victoria, alishika ufalme Juni 1888. Mwaka 1886 Kaiser alikuwa babu yake mzaa baba, Wilhelm wa Kwanza. Isitoshe, Victoria hakuwa na mlima wa kumpa mtu. Mwaka 1885 Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, alitia saini mkataba na Mangi Rindi, mtawala wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka huohuo Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi lake, kwenda kuwataka mamangi wa Uchagga wakubali bendera ya Zanzibar. Upande wa Taveta, Mwingereza Harry Johnston alikuwa amekwisha kupata mikataba ya ardhi tangu 1884. Wakubwa wa Ulaya waligawana kufuata madai hayo: Taveta ikaenda kwa Waingereza, Uchagga kwa Wajerumani, na makubaliano yenyewe yakaandika kwamba mpaka upite kati ya Taveta na Uchagga na kuzunguka chini ya mlima kwa upande wa kaskazini. Sultani, aliyedai eneo hilo hilo, hakusikilizwa. Mamangi wenyewe hawakuulizwa.

Angalia tulichopoteza kwa kuimeza ile hadithi tamu. Tumempoteza Mangi Rindi na hesabu zake za kisiasa, tumempoteza Barghash na madai yake, tumezipoteza karatasi zilizosainiwa na watu wasiojua kusoma lugha iliyoandikwa humo. Mahali pao pamekaa bibi na keki ya mjukuu. Ndiyo maana suala la kupima tovuti siliwezi kulichukulia kama kanuni ya ofisi tu. Mwanafunzi anayenukuu uongo katika tasnifu yake anaupa uongo huo maisha mapya, maana kesho mwingine atamnukuu yeye.

Toka nje ya ukurasa

Sasa rudi kwenye zile tovuti zenye hadithi ya zawadi. Nyingine zimepangwa vizuri, picha zake zinang'aa, lugha imenyooka, anwani na namba za simu zipo, tarehe ya mwaka huu ipo. Hakuna kitu ndani ya ukurasa wenyewe kinachokuonya. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mtandao umejaa mikakasi.

Vyuo vingi huwapa wanafunzi karatasi yenye maswali ya kupimia tovuti: Je, kuna jina la mwandishi? Je, imehuishwa karibuni? Je, kuna makosa ya tahajia? Je, kuna mahali pa mawasiliano? Maswali hayo si mabaya, ila yote yana upungufu mmoja: majibu yake anayatoa mwenye tovuti. Tapeli hashindwi kuweka tarehe mpya, wala hashindwi kumlipa mtu amsanifie ukurasa mzuri.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walilipima jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2017. Waliwakalisha mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa Stanford, na wahakiki 10 wa habari, yaani watu ambao kazi yao katika vyombo vya habari ni kuthibitisha madai kabla hayajachapishwa. Wakawapa tovuti za kupima. Katika zoezi moja walilinganisha kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto. Kimoja, American Academy of Pediatrics, kilianzishwa 1930, kina wanachama makumi ya maelfu na kinachapisha jarida la kitaaluma linaloheshimika. Cha pili, American College of Pediatricians, ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa sababu za msimamo wa kijamii na kisiasa. Majina yanafanana, na kurasa zote mbili zinavutia macho.

Wanafunzi wengi walikiamini zaidi kile kikundi kidogo. Wanahistoria, wasomi waliobobea, baadhi yao walisitasita. Wahakiki wote wa habari walikitambua chama chenye uzito, tena kwa haraka. Tofauti haikuwa akili wala elimu. Wanafunzi na wanahistoria walibaki kwenye ukurasa, wakausoma kwa makini kuanzia juu hadi chini. Wahakiki waliutazama kwa muda mfupi tu, wakafungua kurasa nyingine pembeni, wakatafuta watu wengine wanasema nini kuhusu chama hicho: kimeanzishwa na nani, kinalipwa na nani, kiligombana na nani. Walipokwisha kujua ni nani anayesema, ndipo wakarudi kusoma anachosema.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha kila mwanafunzi. Tovuti usiyoifahamu usianze kwa kuisoma. Fungua ukurasa mpya, andika jina la tovuti au la shirika, soma wengine wanavyolieleza. Fanya hivyo hivyo kwa jina la mwandishi: amesomea nini, anafundisha wapi, amechapisha nini kingine katika jambo hilo. Mtu anaweza kuwa profesa wa uhandisi na akaandika ukurasa mrefu kuhusu lishe ya mama mjamzito. Uprofesa wake ni wa kweli, ila ujuzi wake hauko huko.

Herufi za mwisho wa anwani

Wanafunzi wengi wameshika kanuni moja tangu sekondari: tovuti inayoishia na .org ni ya kuaminika, ya .com ni ya biashara. Kanuni hiyo iacheni. Anwani ya .org hupewa mtu yeyote anayelipia, sawasawa na ya .com.

Ushahidi uliokomaa ni wa tovuti iliyobeba jina la Martin Luther King, ikiishia na .org. Kwa miaka mingi tangu 1999, mwanafunzi wa Marekani aliyemtafuta mpigania haki huyo alikuwa akiikuta miongoni mwa majibu ya juu. Ilijitangaza kuwa mahali pa wanafunzi kujifunza juu ya King. Kumbe iliendeshwa na Stormfront, kundi la wabaguzi wanaoamini ubora wa watu weupe, na yaliyomo yalilenga kumchafua marehemu. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, jina la wenye tovuti lilikuwapo. Wengi hawakushuka mpaka huko, na waliofika huko wengi hawakulijua jina lile lina maana gani, kwa sababu hawakutoka kwenda kuuliza.

Zipo herufi zinazobeba uzito kidogo. Anwani zinazoishia na .go.tz na .go.ke ni za taasisi za serikali, na zile za .ac.tz na .ac.ke ni za taasisi za elimu. Huwezi kununua anwani hiyo kama unavyonunua .com. Hata hivyo uzito huo una kikomo. Ndani ya tovuti ya chuo kikuu utakuta makala iliyopitiwa na wataalamu, lakini utakuta pia tini za darasani, hotuba ya mgeni rasmi, na tangazo la mahafali. Tovuti ya wizara itakupa sheria na takwimu, na siku hiyo hiyo itakupa sifa za wizara yenyewe. Herufi za mwisho zinakuambia mwenye nyumba ni nani. Ndani ya nyumba inakubidi uchague mwenyewe.

Lisemwalo na lililopo

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Madam, mbona tovuti zote zinasema hivyo hivyo?" Tuna methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika utafiti methali hiyo haifai. Tovuti hamsini zilizonakili kutoka kwa moja ni shahidi mmoja tu.

Mfano wa Kibera, jijini Nairobi, unalionyesha hili waziwazi. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakaongeza juu ya hapo. Idadi hiyo ilipita kutoka gazeti hadi ripoti ya mfadhili, kutoka ripoti hadi tovuti ya shirika, kutoka tovuti hadi tasnifu, na kila mmoja akimtaja aliyemtangulia. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilipohesabu watu, ikapata 170,070. Wapo waliosema sensa ilipunguza, na baadhi ya watafiti walipopima kwa njia zao walipata zaidi ya hapo. Hata makadirio hayo hayakuikaribia milioni. Idadi ya milioni ilipata nguvu kwa kurudiwa, na mpaka leo bado ipo mtandaoni ikimsubiri mwanafunzi.

Nimekulia Tanga, na utotoni ustadhi wetu hakutaja hadithi ya Mtume bila kusema imepokewa na nani. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa ukubwa wa elimu iliyo nyuma ya desturi hiyo. Wanazuoni wa hadithi, kabla ya kuyapima maneno, huupima mnyororo wa wapokezi: fulani amesikia kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani. Kila mpokezi huchunguzwa. Aliishi lini? Aliwahi kukutana na huyo anayedai kumsikia? Alijulikana kwa ukweli na kumbukumbu nzuri? Mnyororo ukikatika, hadithi huitwa dhaifu, hata maneno yake yawe mazuri namna gani. Mtafiti wa leo anahitaji nidhamu hiyo hiyo. Ukikuta dai kwenye tovuti, uliza limetoka wapi, fuata kiungo, ukifika huko uliza tena, mpaka umfikie aliyehesabu, aliyepima au aliyeshuhudia. Usipomfikia, umeshika neno la mtaani.

Siku moja mwanafunzi wa mipango miji aliniletea rasimu. Ukurasa wake wa kwanza ulisema kwamba mwaka 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 7, na rejea ilikuwa tovuti ya kigeni inayoorodhesha miji mikubwa duniani.

"Namba hii nani kahesabu, mwanangu?" nikamuuliza.

"Madam, ipo kwenye tovuti nyingi."

"Sawa. Kahesabu nani?"

Tukaanza kupanda. Ile tovuti ilieleza, kwa maandishi madogo, kwamba imechukua makadirio ya Umoja wa Mataifa. Tukaenda kwenye makadirio yenyewe, yaliyotolewa 2018. Hapo tukaona kwamba Umoja wa Mataifa haukuhesabu watu wa Dar es Salaam. Ulichukua sensa zilizopita na kuukokotoa mwendo wa ongezeko kwenda mbele, hata ukatabiri kwamba jiji litapita watu milioni 10 ifikapo 2030. Basi tukafungua tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,487,288 mkoani Dar es Salaam. Ya 2012 ikahesabu 4,364,541, ongezeko la asilimia 5.6 kwa mwaka, kasi ya kutisha. Ya Agosti 2022 ikahesabu 5,383,728, ongezeko la asilimia 2.1 tu kwa mwaka. Kasi ilikuwa imepungua, na waliokadiria mwaka 2018 hawakuwa na namna ya kuijua sensa ambayo haijafanyika.

Yule kijana alikuwa ametumia namba yake kugawanya mahitaji ya maji na matundu ya vyoo. Tofauti ya watu karibu milioni mbili ingeivuruga tasnifu nzima. Nataka ieleweke kwamba Umoja wa Mataifa haukudanganya. Ulikadiria, na ukasema wazi kwamba unakadiria. Tovuti iliyonakili ndiyo iliyoyageuza makadirio kuwa hesabu. Uharibifu mwingi wa mtandaoni hutokea hivyo: maneno "inakadiriwa", "huenda", "katika kundi hili dogo" hudondoka njiani, na dai linafika kwa msomaji likiwa limevuliwa mashaka yake yote.

Wikipedia nayo ipimwe hivyo hivyo. Wahadhiri wengi wanaikataza, na wanafunzi wote wanaisoma. Ushauri wangu ni kuitumia kama mahali pa kuanzia. Soma makala upate picha ya jumla, kisha shuka chini kwenye tanbihi, fungua vitabu na makala zilizotajwa, na hizo ndizo uzisome na uzinukuu. Makala ya Wikipedia isiyo na tanbihi iache.

Majarida ya kitapeli

Mpaka hapa nimezungumzia tovuti za kawaida. Hatari kubwa zaidi imevaa joho la kitaaluma.

Jarida la kitaaluma lina mlango wenye walinzi. Makala ikipelekwa, mhariri huwatumia wataalamu wa fani hiyo, nao huikosoa, huirudisha, au huikataa. Kazi hiyo huchukua miezi. Jarida la kitapeli linaiga jina, nembo na muundo, linadai kuwa na wataalamu wa kupitia makala, lakini linachohitaji ni ada ya mwandishi. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alikuwa akiweka hadharani orodha ya wachapishaji aliowashuku, hadi alipoiondoa Januari 2017. Kuna waliomlaumu kwamba alihukumu kwa haraka, hasa wachapishaji wa nchi maskini, na lawama hiyo ina hoja. Ila ugonjwa alioutaja ni wa kweli.

Ukweli wake ulithibitika Oktoba 2013, jarida la Science lilipochapisha uchunguzi wa John Bohannon. Alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali itokanayo na kuvu-mwani inayodaiwa kuzuia seli za saratani, akaijaza makosa ambayo mpitiaji yeyote makini angeyaona. Akaweka majina ya waandishi aliyoyabuni kwa kuchanganya majina ya Kiafrika, na taasisi zisizokuwepo katika miji ya Afrika, mojawapo ikidaiwa kuwa Asmara, Eritrea. Akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Ni 98 tu yaliyoikataa, na mengine yalikuwa hayajatoa uamuzi au yamekwisha kufa.

Mimi hilo linaniuma kwa njia mbili. Kwanza, makala za namna hiyo zinaonekana kwenye Google Scholar, na mwanafunzi hudhani kila kilichomo humo kimechujwa. Google Scholar hukusanya; haichuji. Pili, watafiti wetu vijana ndio mawindo. Wanatumiwa barua pepe zenye sifa nyingi, wanaahidiwa makala kutoka ndani ya siku chache, wanalipa kwa pesa ambayo ingenunua vitabu, na kazi yao nzuri inazikwa mahali ambapo hakuna msomi atakayeiheshimu.

Ukitaka kulipima jarida, mambo machache yanatosha. Litafute katika DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Kwa majarida ya bara letu, tafuta katika African Journals Online, inayojulikana kama AJOL, iliyoanza 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini. Huko utakuta hata majarida yetu ya lugha, kama Kiswahili na Mulika, yanayotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fungua orodha ya wahariri, chagua jina moja, nenda kwenye tovuti ya chuo anachodaiwa kufundisha, uone kama yupo na kama anakiri kulihariri jarida hilo. Kisha soma makala mbili tatu za nyuma. Jarida linalochapisha ufugaji wa kuku, sheria za benki na upasuaji wa moyo katika toleo moja lina la kujieleza.

Yaliyobatilishwa na yasiyokuwepo

Hata jarida zito hukosea. Mwaka 1998 The Lancet, mojawapo ya majarida ya tiba yanayoheshimiwa kuliko yote, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusu watoto 12 tu, ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na tatizo la usonji. Mwandishi wa habari Brian Deer alifichua jinsi kazi hiyo ilivyopikwa, na Februari 2010 jarida likaibatilisha. Wakefield akafutiwa usajili wa udaktari Uingereza mwaka huohuo. Hata hivyo nakala za makala ile zinaendelea kuzunguka mtandaoni, na nyingi hazina alama ya kubatilishwa. Kwa hiyo isome makala kwenye tovuti ya jarida lenyewe, ambako tangazo la kubatilishwa huwekwa juu yake. Retraction Watch, iliyoanzishwa 2010, hufuatilia makala za namna hiyo na ina hifadhidata ya kutafutia.

Limeingia na jambo jipya. Wanafunzi wanaziomba programu za akili mnemba ziwaandalie marejeo, nazo zinawaandalia: mwandishi, kichwa cha makala, jarida, mwaka, hata namba za kurasa. Unapoitafuta makala, haipo, na haijawahi kuwapo. Programu hizo hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejea ya uongo inafuatana vizuri kama ya kweli. Juni 2023 jaji mmoja mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu za kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Kama mawakili wenye leseni walinaswa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ajihadhari. Dawa yake ni fupi. Makala nyingi za kitaaluma zina namba ya DOI, yaani utambulisho wake wa kudumu mtandaoni. Ibandike kwenye tovuti ya doi.org. Ikikupeleka kwenye makala ile ile uliyotajiwa, vizuri, isome. Isipokupeleka popote, au ikikupeleka kwenye makala nyingine, ifute.

Kwa nini haya yanatuhusu sisi zaidi

Najua mwanafunzi wetu anafanya haya yote kwa bando la kuhesabia, usiku, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Najua makala nyingi nzuri zimefungwa nyuma ya malipo ya dola ambazo hana, ilhali takataka ni bure. Hilo si kosa lake. Ila ipo milango ambayo wengi hawaijui. Kupitia mpango wa Research4Life, ulioanza 2002 kwa ushirikiano wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, taasisi za nchi zenye kipato kidogo hupata maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo. Vyuo vikuu vyetu vina hazina za kidijitali zenye tasnifu na makala za wahadhiri wake, ambazo mtu wa nje pia anaweza kuzisoma. Na kila maktaba ya chuo ina mkutubi ambaye analipwa ili aulizwe.

Ombi langu kwa wahadhiri ni hili: mnaposahihisha, msihesabu marejeo, chagueni mawili, myafungue, muone kama yanasema alichodai mwanafunzi. Wakijua mnafungua, nao watafungua. Kwa wakuu wa vyuo: somo la kupima vyanzo lifundishwe mwaka wa kwanza, kwa kompyuta na kwa mifano ya kwetu, lisiachwe hadi mwaka wa tasnifu ambapo tabia zimekwisha kukomaa.

Na kwako wewe unayeandika kazi yako sasa hivi: kabla hujabandika anwani ya tovuti yoyote katika marejeo yako, jiulize maswali matatu. Nani ameandika? Amejuaje? Wengine wanaolifahamu jambo hili wanasemaje? Ukikosa jibu hata la swali moja, tovuti hiyo usiinukuu.